Mwaka wa Bwana Sufuria

Shoga yangu Tatu tumemzika Ijumaa iliyopita, na kwenye hitima yake nilicheka. Najua si adabu. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wajukuu zake, juzuu mkononi, kila mtu ameinamisha kichwa, mara nikakumbuka Kiingereza cha marehemu na kicheko kikanitoka. Nikajifanya nakohoa. Mjukuu wake mmoja, binti wa shule, akaniletea maji, akaniuliza, "Bibi, una nini?" Nikamwambia bibi yako alikuwa mkalimani wa sinema. Akanitazama kwa huruma, akidhani msiba umeniingia kichwani, maana bibi yake hakujua herufi hata moja. Basi nimeona niuandike mwaka ule kabla nami sijaitwa. Waliouona nimebaki peke yangu, na vijana wa siku hizi wanadhani sisi wanawake wa Kariakoo wa enzi za Mwingereza tulikaa uani tukichambua mchele mpaka uhuru ukatukuta. Mchele tulichambua, sikatai. Lakini sinema tulikwenda, tena mwaka ule niliona picha moja ya vita ambayo mpaka leo, na macho yangu haya mabovu, sijaona ya kuishinda.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, bibi harusi wa Salum, hina haijafifia miguuni. Mambo ya kwetu na jinsi nilivyoposwa nayaacha, hayana ajabu. Ajabu ilikuwa nyumba niliyoletwa. Ilikuwa hatua chache kutoka sokoni, nyumba ya vyumba vinne na ukumbi katikati, na ua wa makuti uliokuwa ukinukia nazi na samaki wa Feri tangu saa nne asubuhi. Mimi na Salum tulipewa chumba cha nyuma kinachopakana na jiko, na kila alfajiri moshi ndio uliotuamsha. Chumba cha mbele, kile cha kulia unapoingia, chenye dirisha kubwa la kutazama barabara, kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Nilipomuuliza Salum ni cha nani, akasema, "Cha Baba." Nikauliza Baba yuko wapi. "Alikwenda vitani." Nikamkodolea macho. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha mimi sijui hata kufunga kanga. Nikasema, "Na hajarudi?" Salum akanijibu huku anavaa viatu vyake vya kazini, "Mama anasema bado."

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Mumewe alichukuliwa Waingereza walipoingia mjini na kukusanya wanaume wa kubebea jeshi mizigo, na wanaume wenyewe waliwekwa papa hapa, kwenye uwanja huu ambao mtaa umepata jina lake kwao. Mama alimpelekea chakula siku tatu. Siku ya nne alifika na kikapu chake akakuta uwanja mtupu, watu wamekwenda. Tangu hapo alikataa kuhama. Kila Alhamisi alikuwa akifungua kile chumba cha mbele, anafagia, anaanika godoro juani, anachukua kanzu moja ya mumewe anaifukiza udi, anaikunja, anairudisha sandukuni, kisha kufuli. Salum aliwahi kupata kazi nzuri Tanga akaiacha, kwa sababu Mama alimuuliza swali moja tu, "Baba yako akija, nani atamfungulia mlango?" Mimi, nisiseme uongo kwenye uzee huu, nilikitamani kile chumba chenye dirisha kuliko bangili za dhahabu. Nilikuwa nikipita ukumbini namwona kwa mawazo mwanamume nisiyemjua amelala raha mustarehe mahali pangu, nami nimo ndani ya moshi. Nilimchukia mtu wa watu bila kosa.

Na hapa lazima nieleze kazi ya Mama mkwe, maana bila hiyo hamtaelewa. Alikuwa mwosha. Mwanamke akifariki kuanzia Gerezani mpaka Msimbazi, Mama ndiye aliyeitwa kumwosha na kumkafini. Kifo alikijua kwa mikono yake. Sasa, baada ya vita alirudi mwenzake mumewe, Mzee Pazi, aliyekuwa akiuza kamba za makumbi pembeni ya soko, akaja kumpa habari kwamba mwenzao kombora lilimwangukia na hakuonekana tena. Mama akamuuliza, mwili uko wapi? Pazi akasema hakuna. Nani alimwosha? Hakuna. Kaburi je? Hakuna. Basi, nilivyohadithiwa, Mama alichukua mwiko wa ugali akamtoa nao mpaka barabarani. "Mtu si chumvi ayeyuke!" ndivyo alivyomwambia, na hakumsemesha tena miaka yote ile, ingawa kila siku alipita mbele ya kamba zake. Masheikh walimshauri aende kwa kadhi, mume ahukumiwe amekufa, akae eda yake, awe huru. Alikuwa anawaitikia kwa adabu, halafu haendi. Kwake yeye mauti yalikuwa na maji, pamba, sanda na karafuu maiti. Kisichokuwa na hivyo si mauti, ni safari.

Sasa nirudi kwenye sinema. Jumatano alasiri ilikuwa siku yetu, siku ya wanawake. Mlangoni alisimama mke wa mwenye sinema, mama wa Kihindi mwenye kipini kikubwa, na ndani hakuna mwanamume ila fundi wa mashine kwenye kijumba chake na Mgoa mpiga piano, naye alizungushiwa shuka asituone. Maskini, shuka lile lilimzuia kutuona sisi na likamzuia kuiona picha vilevile, kwa hiyo alikuwa akipiga kwa kusikiliza sauti zetu. Tukicheka, anachangamsha. Tukipiga vigelegele, anaipiga piano kwa nguvu zote. Tukianza kupenga kamasi, anajua mambo yameharibika, anapiga taratibu. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Kila mara picha ilikatika likaja bango la maandishi ya Kiingereza, na hapo ndipo alipoingia Tatu.

Tatu alikuwa jirani yetu, mke wa dobi, amenizidi miaka minne mitano. Aliwahi kulea mtoto wa Mzungu kule Oyster Bay kwa miezi miwili, na kwa miezi hiyo miwili akajitangaza anajua Kiingereza. Maandishi yakitokea, anasimama, buibui limeteremka mabegani, anatusomea kwa sauti ya kuuza samaki: "Anasema, 'Ewe mwanamke, tangu nikuone sijala wali nikashiba!'" Yakiwa mistari miwili anasema maneno kumi, yakiwa mistari kumi anasema, "Anakataa." Nasi tulimwamini. Ndiye aliyetufahamisha pia kwamba watu wanaokufa kwenye picha ni wafungwa waliohukumiwa kunyongwa. Mzungu, alisema Tatu, hatupi kitu bure, akiona mtu wa kufa anamtia kwenye picha kwanza. Hilo nalo tulilimeza zima zima. Nilikuwa nikiona mtu anachomwa upanga, namwombea dua.

Bibi harusi mchanga hakuwa na ruhusa ya kwenda sinema bila mtu mzima wa nyumba ile, na Tatu hakuhesabiwa. Mama alisema huyo naye anahitaji wa kumwangalia. Aliyekuwa akitupeleka ni Shangazi, dada yake baba mkwe, mwanamke mnene mpenda bisi. Jumatano moja Shangazi akavimba mguu. Nililia. Tena kwa sauti, chumbani, ili nisikike, maana picha iliyotangazwa wiki nzima kwa ngoma ilikuwa ya binti wa kifalme na mwizi wa farasi. Mama mkwe akaja mlangoni, akasimama, akaniangalia nilivyogaagaa. "Unamlilia nani?" akauliza. Nikasema simlilii mtu, nalilia picha. Akatingisha kichwa. "Haya, vaa. Nisije nikaambiwa nimekuua." Njia nzima mpaka Uhindini hakusema neno, Tatu naye kwa hofu akafunga domo, tukaenda kama watu wa msibani.

Tulipokwisha kukaa, yule mama wa Kihindi akapita mbele akatangaza kwamba sanduku la picha halikuteremshwa melini, kwa hiyo leo ni picha nyingine. Taa zikazimwa. Nikangoja binti yeyote, hata asiwe wa kifalme. Yakaja matope. Wallahi, matope matupu, na Wazungu wachafu wamejipanga ndani ya handaki kama panya wa ghalani, wanajikuna. Hakuna farasi, hakuna kitanda chenye pazia, hakuna mwanamke. Nilisonya sonyo la nguvu, na si mimi peke yangu, ukumbi mzima ulisonya mpaka Mgoa akapotea njia kwenye piano yake. Katikati ya matope wakaonyesha askari mmoja amelazwa chini, amekufa, mwenzake anamfunika uso kwa koti. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa wima kushoto kwangu, akainama mbele kidogo, akatazama, akarudi nyuma. Nikamnong'oneza, "Mama, twende zetu?" Akasema, "Umenitoa nyumbani. Kaa."

Kisha akatokea yule mtu, tuliyekuja kumwita Bwana Sufuria. Sura ndefu, pua imepinda, nyusi moja iko juu kuliko mwenzake, hana uzuri wowote. Kazi yake kubeba chakula. Jikoni ni huku nyuma, penye miti. Wenye njaa wako mbele ndani ya handaki. Na katikati ni uwanja mtupu, hauna hata kichaka, na makombora yanaangukia hapo. Wakampa sufuria kubwa yenye mfuniko, akaifunga mgongoni kwa mikanda, akachuchumaa ukingoni akangoja. Ninachokumbuka ni kwamba hawakutuonyesha anakimbia, walituonyesha kwanza anangoja. Uso ule mbaya, muda mrefu, macho yanatazama chini. Kombora likaanguka, midomo yake ikaanza kwenda. Sikuelewa anafanya nini. Lingine likaanguka, akaacha. Ndipo nikaelewa: anahesabu. Anapima kati ya kombora na kombora kuna nafasi ya hatua ngapi. Akainuka akakimbia, akajitupa chini, likaanguka. Akainuka akakimbia, akajitupa. Alipofika upande wa pili nusu ya mchuzi umemwagika, na wale wa handakini wakamtukana badala ya kumshukuru. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Wanaume ndivyo walivyo," tukacheka, Mgoa akachangamsha kidogo.

Safari ya pili hatukucheka. Maana sasa na sisi tulikuwa tunajua hesabu. Aliyeitengeneza picha ile, Mungu amrehemu popote alipo, alitufundisha kuhesabu kisha akatuachia tuhesabu wenyewe. Kombora likianguka, ukumbi mzima, wanawake mia na zaidi ndani ya mabuibui, tunasema chini kwa chini moja, mbili, tatu, nne, na kwenye kumi tunavuta pumzi, naye anajitupa chini, na kombora linaanguka. Nilimshika Mama mkwe mkono bila kujijua, mimi niliyekuwa sithubutu kumgusa. Akafika, hakumwaga hata tone. Wenzake wakanyoosha sahani zao za bati, akawapakulia, mmoja kijana mdogo akala akatabasamu, na kwenye tabasamu lile nilipenda picha. Nasema nilipenda, sisemi nilifurahi. Nilikuwa nimekuja kutafuta mapenzi ya binti wa kifalme, nikayakuta kwenye mchuzi wa askari.

Safari ya tatu likaja bango la maandishi, na Tatu akasimama kama kawaida yake. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa. Tatu, jamani! Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaketi kimya na maandishi yakapita hayajasomwa. Mgoa hakusikia sauti yoyote kwetu, wala kicheko wala kilio, asijue apige nini, akaacha kabisa, ikabaki mashine peke yake inakereza kule juu. Yule mtu akahesabu. Akakimbia. Akajitupa. Akainuka, na mkanda mmoja ulikuwa umelegea begani, akasimama kidogo kuuweka sawa, kidogo tu, kama mtu anavyoweka sawa kanzu yake akitoka mlangoni. Nasi tulikuwa tumefika kumi. Tukaona moshi. Wakatuacha na moshi ule, wakatuacha, wakatuacha, mpaka ukaondoka wenyewe polepole, na pale uwanjani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na maiti wala nguo. Shimo, basi. Halafu wakatuonyesha handakini, wale askari wamenyoosha sahani zao wanangoja, na hakuna hata mmoja anayerudisha mkono wake.

Mama mkwe akasimama. Katikati ya ukumbi, mrefu vile, kivuli chake kikaingia kwenye picha. Akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Tatu, amekwenda wapi?" Tatu akasema, "Sijui, Bi Mwanahawa." Akauliza tena, "Amekwenda wapi?" Hakuna aliyemwambia akae. Nilimvuta buibui, akaketi, na mikono yake ile mikubwa ikawa inalikunja pindo la buibui, inalikunjua, inalikunja tena. Sijawahi kuogopa vile maishani, na kilichonitisha ni mikono ile kuliko vita vyote kwenye picha.

Nimeona picha nyingi za vita baada ya ile. Wajukuu zangu huniwekea za rangi, bunduki zinalia mpaka vikombe vinatikisika kabatini, watu wanaanguka kama maembe, nami nasinzia. Huwaambia siku zote: hawa hawajui kungoja. Yule wa zamani alijua kungoja. Sijui jina lake wala nchi yake, wala sijui kile kikao cha Wazungu kilichokuwa kikichagua picha za kutufaa sisi watu weusi kiliipitishaje ile. Labda waliona matope tu, kama mimi mwanzoni, wakalala.

Kesho yake, baada ya chai, Mama aliniambia nimfuate. Tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Pazi. Mzee wa watu alipomwona anasimama mbele ya kamba zake alishtuka, akaangalia kama ana mwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama. Mama akaketi juu ya furushi la kamba. "Pazi," akasema, "nieleze tena. Sitakukatiza."

Mzee Pazi akaweka kamba chini. "Tulikuwa tunavuka kijito, upande wa Rufiji. Yeye yuko mbele yangu, kati yetu kuna watu watatu. Nilikuwa nakiona kisogo chake. Ana sanduku la risasi kichwani. Kombora likaanguka, nikalala chini. Nilipoinua kichwa, wale watatu hawapo na yeye hayupo."

"Hamkupata hata kitambaa?"

"Hata kitambaa, Bi Mwanahawa."

"Ulimwita?"

"Nilimwita mpaka wakanipiga viboko niendelee na safari."

Watu wa sokoni walikuwa wakipita na makapu yao. Mama akasema, "Nisamehe, Pazi. Miaka yote hii nilikuona mwongo." Yule mzee akalia papo hapo mbele ya wateja, akifuta uso kwa kiganja kilichojaa nyuzi za makumbi, nami nikalia, na hasira yangu yote kwa mwenye chumba ikaniisha nikaona haya.

Mambo yakaenda haraka. Kwa kadhi tulikwenda mimi, yeye, Salum na Mzee Pazi. Kadhi alipouliza jina la mume, Salum akakohoa ajibu, kwa kuwa wake wa zamani hawakutaja waume zao kwa majina. Mama akamzuia kwa mkono, akalitaja mwenyewe, Athumani bin Kombo, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Ijumaa ile ikasaliwa sala ya ghaibu. Salum alirudi kutoka msikitini macho mekundu, akaingia jikoni nilipokuwa, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mwanamume mwenye ndevu, akaniambia, "Leo nimejijua kuwa yatima." Na Mama akafungua kile chumba cha mbele, kufuli akalitupa kwenye shimo la choo, kanzu akampa Mzee Pazi, akatandika mkeka wake humo akaanza eda, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila udi, bila kutoka.

Aliyepinga ni Shangazi. Alikuja na mguu wake akachechemea mpaka ukumbini akapiga kelele, "Mmemuua kaka yangu kwa picha ya Wazungu! Kaka yangu kauawa sinema!" Na maneno yale yakatembea. Kisimani niliyasikia kwa masikio yangu, wanawake wanaambizana, eti mama mkwe wa fulani kaona picha kaingia eda, wanacheka. Shangazi akaapa kwamba ipo siku wifi yake atazinduka, atoke humo chumbani, afunge kufuli jipya na kuendelea kungoja kama mke wa heshima. Nami hilo ndilo lililoninyima raha. Nilimwona Mama anavyolala sasa, usingizi mzito, bila kushtuka kila mlango unapogongwa, na nilikuwa naogopa jambo lolote lisije likamrudisha kule. Miaka kumi na sita alilala kwa sikio moja. Nilimwomba Mungu amjalie amalize ile eda salama.

Mwezi wa tatu wa eda unakatika, saa kumi alasiri, mimi na Mama tunachambua mchele chumbani mle, dirisha wazi, tukasikia hodi ya Tatu tangu barabarani. Akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Bi Mwanahawa! Bi Mwanahawa, yule Bwana Sufuria hajafa!"

Mchele ukanimwagika. Nilimkonyeza Tatu, nikamfinya, nikamkanyaga, nani angemzuia? "Nimetoka sinema sasa hivi! Picha ya kuchekesha, yeye ni boi wa hoteli, anacheza dansi na trei kichwani! Pua ile ile! Nyusi ile ile! Mzima buheri wa afya, meno yote thelathini na mbili!" Kisha, nadhani hapo ndipo akili ilipomfikia, akashusha sauti. Akaangalia mkeka, akaangalia nguo za Mama. "Sasa, Bi Mwanahawa," akasema, "hii eda… si itakuwa umekaa bure?"

Mama akaendelea kuchambua. Akatoa chuya moja, akatoa kijiwe, akakiweka kando. Nilishaona kufuli jipya, nilishamsikia Shangazi anapiga vigelegele ukumbini.

"Alhamdulillahi," akasema Mama. "Mama yake atafurahi."

"Hukushtuka?" Tatu akauliza.

"Nishtuke nini? Nilijua siku ile ile. Yule maiti wa kwanza, waliyemfunika koti, alikuwa anapumua. Mimi naosha maiti, Tatu, utanidanganya mimi?" Akapepeta mchele mara mbili, akaupuliza. "Nilijua ni watu wanacheza. Lakini zile sahani hawakuzitunga. Wale wanaume wamenyoosha sahani hawajui wazirudishe vipi, hilo mtu hawezi kulitunga akiwa amekaa kwake. Aliyeitengeneza picha ile aliwahi kunyoosha sahani akangoja. Na mimi nimenyoosha yangu miaka kumi na sita." Akanitazama mimi sasa, si Tatu. "Yule walipomaliza walimwambia inuka, akainuka, akaenda kupata kazi ya hoteli. Wangu hakuna wa kumwambia inuka."

Tatu akaanza kulia, kwikwi za kitoto, kiatu bado mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti naokota mchele punje moja moja. Mama akatuangalia sote wawili, akasonya.

"Haya basi," akasema. "Na hiyo dansi anaichezaje?"

Tatu akafuta pua. "Ah, Bi Mwanahawa, kwenye eda?"

"Nimekatazwa wanja na manukato. Sijasikia nimekatazwa kutazama. Chukua ungo."

Basi Tatu akaweka ungo kichwani. Akapinda pua kwa kidole, akainua nyusi moja, akaanza kwenda huku na huku kwenye kile chumba, magoti yamekunjwa, matako nyuma, anageuka, anapepesuka, ungo unayumba hauanguki, na anatutafsiria kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Mama mkwe akajizuia, akabana midomo, akageukia dirishani. Halafu akacheka. Lilikuwa cheko nene, la kifuani, la mwanamke kijana, na watu wa barabarani wakasimama kutazama. Salum alikuwa anarudi kutoka kazini; akaingia mbio ukumbini akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akaniuliza, "Nani huyo anayecheka?"